Pembeni mwa Picha ya Mlango

Askari wa kaunta alicheka. Hakucheka kwa ubaya, maskini. Kilikuwa kile kicheko kinachomtoka mtu kabla hajakipa ruhusa. Alijifunika mdomo kwa daftari la taarifa, akakohoa, akakaza uso, kisha akaanza upya polepole, kama anaongea na kiziwi.

"Mzee, ngoja nikuelewe. Wewe kazi yako ni kupiga picha."

"Ndiyo, afande."

"Kwa miaka mingapi?"

"Thelathini na nne."

"Na mkeo amepotea tangu saa tatu asubuhi, na huna picha yake."

"Ninayo," alisema Mkasi, akaisukuma tena picha ya harusi juu ya kaunta.

"Hii umeshanionyesha. Huyu ni msichana kafunikwa shela mpaka puani, anaangalia viatu vyake. Mimi natafuta mama wa miaka hamsini na nane. Nikiwapa vijana wangu hii wataniletea bi harusi wa watu. Kitambulisho chake?"

"Kiko kwenye mkoba. Na mkoba anao yeye."

Askari, dada wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alishusha pumzi na kuchukua kalamu. "Haya. Nieleze sura. Ana alama gani usoni?"

Mkasi alifungua mdomo. Ukabaki wazi. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kukuambia, bila kuangalia, kwamba miaka kumi na moja iliyopita mchoma mahindi wa kona ya kituo alikuwa na chunjua chini ya jicho la kulia na kifungo cha pili cha shati kimekatika, mtu huyo alisimama pale jasho likimtiririka, akimtafuta mke wake kichwani, na kichwani hamna.

"Sikio la kushoto lina matundu mawili," alisema mwishowe. "Na bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia."

"Nimeuliza uso, mzee."

"Ninajua umeuliza uso!" alifoka.

Sasa ngoja nikueleze huyu Mkasi ni nani, maana wapo watakaokusimulia habari zake na hawajawahi hata kuketi kwenye kiti chake cha picha.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Mbele palikuwa na kiti cha picha za vitambulisho, pazia la buluu, na kioo chenye kichana kilichofungwa kwa kamba kisije kikaondoka na wateja. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza: beseni tatu za dawa, taa nyekundu, kamba ya kuanikia picha, na mlango mzito wa mbao ambao nyufa zake zote aliziziba kwa mpira wa tairi. Mwanga hata wa kiberiti usingepenya. Kazi ya vitambulisho ndiyo iliyomlisha. Iliyomvimbisha kichwa ilikuwa nyingine, ya barabarani: picha za kuvizia, za watu wasiojua kama wanapigwa.

Na alikuwa hodari, hilo tusimnyime. Vitabu vya upigaji picha vipo, vinene kama matofali. Mkasi hakusoma hata jalada. Lakini ungemkuta pale kibarazani akiwasomesha watu wasiomwomba.

"Picha ni hadithi," alikuwa akisema. "Na hadithi haisimuliwi yote. Ukisimulia yote, hiyo siyo hadithi, huo ni ushahidi wa mahakamani. Kabla hujabonyeza, angalia pembe nne. Kisichosaidia hadithi, nje! Na picha ambayo haimfanyi mtu aulize 'ehe, halafu?', hiyo funikia ndoo."

Kikipenya kitu kisichotakiwa, hakikufika mbali. Akishaosha picha aliikalisha mezani, akachukua mkasi mkubwa wa cherehani na kukata. Alikata nguzo za umeme, alikata mbwa, siku moja alikata mguu wa diwani, na diwani alipolalamika akaambiwa mguu wake haukuwa na la kusema. Ndipo wakamwita Mkasi, na jina la kwao likafa.

Lakini hodari wote wana ujanja wao, na ujanja wa Mkasi alikuwa mke wake.

Watu wakiona kamera hukakamaa kama wamemeza ufagio. Kwa hiyo Mkasi alitoka na bibie, akamsimamisha barabarani hatua tatu mbele yake, na kumwambia maneno yale yale kila siku: "Simama hapa. Usiangalie lensi, maana ukiiangalia na wao watageuka kuitafuta. Usisogee mpaka niseme tayari." Wapita njia waliona mume anampiga picha mkewe, wakasema ya nini hiyo, wakaendelea na shughuli zao: kugombana, kupiga miayo, kujikuna pasipokunika hadharani. Na lensi ya Mkasi ilipita kando ya sikio la bibie, ikaenda kuwachukua hao hao.

Kwa miaka yote hiyo mwanamke yule alisimama mbele ya kamera mara nyingi kuliko malkia yeyote unayemjua. Na pichani hayumo. Mara nyingi bega lake la kushoto liliingia pembeni, pamoja na sikio na ncha ya kitambaa chake cha kichwa chenye vidoa vyeupe. Vyote ukungu mtupu, kwa sababu fokasi ilikuwa kwa watu wa nyuma. Bega halikusaidia hadithi. Mkasi!

Picha iliyompa sifa ilitundikwa studio kwa miaka kumi na tisa. Inaonyesha mtu amebeba mlango kichwani, mlango mzima na kitasa chake, anavuka barabara. Upande wa pili mama mmoja amenyanyua mkono, ngumi imekunjwa nusu, kama anabisha hodi. Hakuna aliyeiona asicheke. "Anauliza kama mwenyewe yupo," Mkasi aliwaambia wateja, na wateja walicheka tena kwa heshima ya aliyewachekesha.

Siku ile ya mlango nayo ina kisa chake, na kisa hicho Mkasi alikisimulia hata msibani. Baada ya kubonyeza aliona jamaa wa mlango anakata kona, akamfuata. Akamfuata mitaa mitatu, filamu ikaisha, akakaa kijiweni kuongea. Saa mbili baadaye ndipo akakumbuka kwamba alitoka nyumbani na mtu. Akarudi mbio. Bibie alikuwa amesimama pale pale, jua la utosi, shingo imegeuka upande.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

"Nani yumo?"

"Jamaa na mlango wake."

"Na mimi?"

"Wewe ukiingia unaharibu hadithi, bibie."

Watu walicheka. Bibie naye alicheka, miaka ya mwanzo.

Mwaka mmoja kabla ya asubuhi hii tunayoisema, bibie alianza kupotea akiwa nyumbani. Alitia chumvi mara mbili, akaweka sabuni kwenye sufuria, akamwita binti yake kwa jina la dada yake marehemu. Wakati mwingine alisimama ukumbini katikati ya safari ya kwenda jikoni, akageuza shingo upande na kuganda. Ungemwita mpaka ukauke koo. Mpaka Mkasi aseme, "Tayari, bibie, sogea," ndipo anateremsha mabega na kuendelea na safari yake. Mkasi hilo nalo alilifanya kichekesho cha kibarazani. Kinyozi wa jirani ndiye pekee ambaye hakucheka. "Huyo mama mpeleke kwa daktari, we mzee," alisema. Walimpeleka, na daktari akasema asiachwe peke yake.

Basi hakuachwa. Kila asubuhi alikuja studio, akakalishwa kwenye kiti cha vitambulisho, mkoba mapajani. Na asubuhi hiyo Mkasi aliingia chumba cha giza, akafunga mlango wake wa tairi na kutumbukiza karatasi kwenye dawa. Dakika ishirini tu. Ukiufungua mlango kabla ya dakika hizo, mwanga unaingia na kazi yote inageuka makaa. Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu.

Hayo ndiyo aliyomwambia askari. Lakini kuna jambo moja hakulisema.

Askari alifanya aliloweza. Aliandika "matundu mawili, sikio la kushoto", akapiga simu huku na huku. Saa sita kasoro akamwita Mkasi kutoka kwenye benchi. "Mzee, kaa kwanza. Hospitali kuna mama ameletwa, kagongwa na pikipiki. Hana jina. Sisemi ndiye. Nasema nenda."

Mkasi hakukaa. Alikwenda kwa miguu, akakatiza kwenye uwanja wa malori kufupisha njia, hakuangalia kulia wala kushoto, midomo inacheza peke yake. Hospitali wakampeleka chumba cha nyuma, mhudumu akashika ncha ya shuka na kumwuliza kama yuko tayari. Neno hilo, 'tayari', lilimpiga kifuani. Shuka likavutwa. Macho yake hayakwenda usoni. Yalikwenda kwenye sikio la kushoto. Tundu moja.

"Siye," alisema. "Asante. Asante sana." Kisha akasikia anachosema, mbele ya mama wa watu aliyelala pale bila mtu wa kumlilia, akakaa sakafuni na kushindwa kuinuka mpaka mhudumu alipomshika kwapani.

Mchana wote alizunguka. Alikwenda kwa dada mdogo wa bibie, akaenda zahanati, akaenda nyumbani mara mbili na kuangalia hata uvunguni. Alizipitia sehemu bibie alizozoea kwenda, na njiani akagundua kwamba bibie hakuwa na sehemu nyingi. Alisimamisha watu: umemwona mama, wa kimo cha kadiri, mnene kiasi? Walimjibu mama wa hivyo wako kila mahali. Alijaribu kuwaelekeza kwa mikono yake mwenyewe jinsi bega linavyoshuka, mtu mzima anapindisha bega barabarani, na wengine wakadhani amelewa.

Saa kumi jioni alirudi studio, viatu vimejaa vumbi. Binti yake alikuwa ameshafika, mwalimu wa shule ya mji wa jirani. Muuza vipuri ndiye aliyempigia simu. Binti alipitia nyumbani kwanza. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Baba, umempiga picha mama mara ngapi?"

"Hazihesabiki, mwanangu."

"Nitolee moja."

Mkasi alivuta masanduku ya negativu. Alizishika moja moja mbele ya dirisha, binti akichungulia begani kwake. Bega. Sikio. Bega. Vidoa vya kitambaa. Bega na nusu ya shavu, nayo imeyeyuka kama sura inayoonekana kupitia kioo cha bafuni. Nyuma ya bega, kila mara, mtaa mzima umetulia kwenye fokasi: wachuuzi, wapiga kiwi, watoto wa shule, mlevi mmoja, kila udevu unaonekana.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cha kazi begani. "Mkasi," alisema, na hapakuwa na utani, "mimi nimo humo mara sita. Na mimi hukunioa."

Hapo ndipo Mkasi alipovunjika. Alikaa kwenye kile kiti cha vitambulisho, akauficha uso.

"Ni mimi niliyemwambia," alisema.

"Ulimwambia nini?"

"Asubuhi. Nilikuwa ndani na karatasi zangu. Akaja mlangoni, akagonga. Akaniuliza, 'Nisimame wapi leo?' Nikaona nikianza kuelezana naye atafungua, picha zitaungua. Nikamjibu tu ili anyamaze."

"Ulimjibu nini, baba?"

"Nikamwambia, 'Pale pale pa siku zote.' Akasema, 'Haya.'"

Muuza vipuri, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alijifanya anaitwa dukani kwake.

"Umelificha hilo tangu asubuhi?" binti aliuliza. "Polisi hukuwaambia?"

"Nilikuwa naona aibu."

"Aibu." Binti alirudia neno lile kana kwamba analionja aone kama limeoza. "Pa siku zote ni wapi?"

"Ndiyo maana nasema nimekwisha. Nilimsimamisha mji mzima mimi! Sokoni, kituoni, darajani, mbele ya benki, kila kona yenye watu. Nianzie wapi? Jua lenyewe ndiyo hilo linashuka, hajanywa hata maji!"

Binti alifungua mfuko aliokuja nao, akatoa bati la biskuti lililopauka rangi. "Nilikuwa natafuta picha yake nyumbani. Hili lilikuwa kabatini upande wake, chini ya sweta."

Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi ya picha, vyembamba kama rula, vimefungwa kwa mpira mafungu mafungu. Mkasi alivijua papo hapo. Ni vile alivyokuwa akikata na kuacha vianguke chini ya meza. Miaka yote alidhani bibie akifagia anakwenda kuwashia jiko. Kumbe aliokota bega lake, akaokota sikio lake, akajitunza mwenyewe vipande vipande ndani ya bati.

Vyote vilikuwa vigumu na safi, isipokuwa kimoja kilichokuwa juu, nje ya mpira. Hicho kilikuwa kimelainika kama kitambaa, pembe zimekuwa duara, kimeng'aa kwa mafuta ya vidole. Kimeshikwa, kimeshikwa, kimeshikwa.

Mkasi alikigeuza kwenye mwanga. Bega na vidoa vyeupe. Juu ya bega, mguu mmoja wa mnara wa tangi la maji, na ukingo wa paa ambalo pembe yake imebomoka. Aliinuka. Akaenda ukutani kwenye picha ya mlango, akaitoa kwenye fremu, na kukisogeza kile kipande kwenye ubavu wake wa kushoto. Ufa wa lami ukaungana na ufa wa lami. Kivuli kikaungana na kivuli.

"Baba," binti alisema taratibu. Kidole chake kilikuwa juu ya yule mama mwenye mkono ulionyanyuka. "Huyu habishi hodi. Angalia macho yake. Hauangalii mlango kabisa. Anampungia mama."

Ilikuwa kweli. Miaka kumi na tisa Mkasi aliwachekesha watu kwa hodi ambayo haikuwahi kubishwa. Palikuwa na wanawake wawili wanaojuana wakisalimiana barabarani, na mlango wa watu ukapita katikati yao. Akamkata mmoja, na mwingine akabaki anapungia hewa.

Lakini hakukaa kulilia hilo. "Mtaa wa maseremala," alisema. "Aliwahi kunisubiri pale kwa saa mbili. Twende."

"Mtaa wa maseremala si ulibomolewa?"

"Ndiyo. Siku hizi ni uwanja wa malori." Kisha akakumbuka. "Mungu wangu. Nimepita pale mchana."

Alikimbia. Mzee wa miaka sitini na tatu, magoti mabovu, kipande cha picha mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake ametoka nje bila kamera. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akamfuata na binti.

Uwanja ulikuwa umejaa. Malori yalikuwa yamebanana ubavu kwa ubavu, maturubai yamefungwa, na kwa kuwa jua lilikuwa limepoa, madereva walishaanza kuwasha injini ili watoke. Kila mahali ni tairi, moshi na ngurumo. Binti aliita, "Mama! Mama!" na sauti haikufika hata lori la pili.

"Tutagawana," kinyozi alipiga kelele. "Mimi huku!"

"Acha!" Mkasi alimshika mkono. "Hapa ukiangalia chini huoni kitu. Angalia juu."

Juu ya malori mnara wa tangi ulikuwa bado umesimama, na nyuma yake lile paa la pembe iliyobomoka, ambalo hakuna aliyejali kulitengeneza. Mkasi alinyoosha kipande mbele ya jicho lake. Kwenye kipande, mguu wa mnara unagusa pembe ya paa. Hapa alipo, vimeachana. Paa liko mbali kushoto. Akasogea kulia. Akapita kati ya malori mawili kwa ubavu, jicho moja limefumbwa, vioo vya pembeni vikimgonga kichwa. Vikakaribiana. Akarudi nyuma hatua mbili, akasogea tena kulia. Madereva walimpigia honi na kumtukana. Mguu wa mnara ukasogea, ukasogea, ukagusa pembe ya paa.

Hapo. Kamera ilisimama hapo. Akateremsha macho.

Hatua tatu mbele yake, kwenye upenyo wa malori mawili, bibie alikuwa amesimama. Mkoba ameukumbatia. Midomo imepasuka kwa kiu, vumbi limemfanya mweupe mpaka kope, shingo imegeuka upande kama alivyofundishwa. Na lori la nyuma yake, taa nyekundu zimewaka, lilikuwa linarudi nyuma.

"Tayari!" Mkasi alipiga kelele. "Bibie, tayari! Sogea!"

Injini ikaimeza sauti. Alinyanyua mikono yote miwili, akaipunga. Lakini bibie haangalii upande wa kamera. Nani aliyemfundisha asiangalie? Lori likaja, bila haraka, kama ng'ombe anayejikuna. Mkasi alirusha mwili wake wote kwenye ubavu wa lori, akalipiga ngumi, akalipiga kichwa, akalia kama mtu anayeibiwa. Breki zikafunga. Kati ya bodi la lori na mgongo wa bibie ungeweza kupitisha kiti, siyo zaidi.

Dereva alichungulia. "We mzee, umechoka kuishi?"

Mkasi hakumsikia. Alikuwa amefika mbele ya bibie, anahema, damu inamtoka usoni.

Bibie alimsukuma kando kwa upole, kwa ncha za vidole. "Samahani, kaka, sogea kidogo pembeni," alimwambia. "Mume wangu anapiga picha wale wa nyuma yangu. Ukisimama hapo utamharibia."

Binti aliziba mdomo. Kinyozi akageukia lori, akaanza kulikagua tairi.

"Ameshapiga," Mkasi alisema. "Tayari, bibie. Sogea."

Mabega yakashuka, kama mtu anayetua ndoo ya maji kichwani. Ndipo macho yake yalipogeuka na kumtafuta, yakazunguka, yakampata.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

"Nani yumo?"

"Wewe."

Bibie alimtazama kwa ile midomo iliyopasuka. "Mwongo," alisema. "Mwongo mkubwa wewe." Na kwa hilo Mkasi alijua kwamba, kwa jioni ile angalau, mkewe anamfahamu ni nani.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Askari alitaka picha ya kufungia taarifa, tena akasisitiza iwepo akiba, maana wagonjwa hawa hawapotei mara moja. Mkasi akamkalisha bibie kitini, pazia la buluu nyuma, fokasi kwenye macho, akambembeleza: "Niangalie mimi, bibie. Angalia lensi." Filamu nzima iliisha, picha thelathini na sita. Kila alipoinua kamera, shingo iligeuka upande. Binti alijaribu kumwita kutoka nyuma ya kamera. Iligeuka vile vile. Mkasi akaosha moja, bibie ametulia wazi mpaka nywele nyeupe za nyusi, anaangalia kitu kilichoko nje ya picha. Hakukata hata uzi. Akaitundika karibu na picha ya mlango, ambayo sasa ilikuwa na kipande chake kimebandikwa kwa gundi, mshono unaonekana.

Kisha akachukua bisibisi na kung'oa bawaba za mlango wa chumba cha giza. Kinyozi alimtafutia mpagazi wa kuuondoa. Mpagazi akaujitwika kichwani, mpira wa tairi unaning'inia pembeni kama ndevu, akaanza kuvuka barabara nao, na mtaa mzima ukacheka. Mkasi alikuwa kibarazani, kamera shingoni, filamu imo. Bibie akamvuta mkono wa shati.

"Nisimame wapi leo?"

"Hapa hapa," alisema, akaukamata ule mkono na hakuuachia mpaka mlango ulipokata kona.

Siku hizi chumba cha giza kina mapazia mawili tu, na mwanga unapenya utakavyo. Picha zake zinatoka na ukungu, nyuso kama za watu waliopauka kwa homa. Wateja wananung'unika. Juzi mmoja amerudisha picha zake za kitambulisho, akazitupa mezani.

"Mzee Mkasi, hii ni kazi gani? Zamani ulikuwa fundi!"

Mkasi alichungulia kwanza nje ya pazia, akahakikisha kiti kina mtu na mkoba uko mapajani. Kisha akaelekeza kidole ukutani, kwa yule jamaa wa ile picha ya miaka kumi na tisa.

"Mlaumu huyo," alisema. "Amebeba mlango wangu."